Nani Aliyeiandika Barua? Msuko na Mhusika katika Usomaji wa Hadithi Fupi

Mnamo mwaka 2009, nikiwa mhadhiri mchanga ambaye tasnifu yake ya uzamifu ilikuwa bado mezani, niliwatungia wanafunzi wa mwaka wa pili swali la mtihani ambalo nililiona kuwa jepesi mno. Niliwataka wachague hadithi fupi yoyote waliyoisoma, ya Kiswahili au iliyotoka kwingineko, kisha wajadili vipengele vya msuko wake. Jibu nililolitarajia lilikuwa limekwisha kuandikwa katika mwongozo wangu wa kusahihishia: utangulizi, mgogoro, ukuaji wa mgogoro, upeo, kisha usuluhisho. Alama 4 kwa kila hatua, jumla 20. Wengi wa wanafunzi walinipa nilichokitaka, nami nikawapa walichokitaka.

Mmoja hakunipa. Alikuwa amechagua hadithi ya Mfaransa Guy de Maupassant iitwayo "La Parure", ambayo katika makala haya nitaiita "Mkufu", na badala ya kuzipanga hatua zile tano aliandika kurasa tatu kamili juu ya swali moja tu: kwa nini watu wale hawakumwambia mwenye mkufu kwamba mkufu umepotea? Katika ukurasa wa pili alidai kwamba uamuzi wa kuficha haukuwa wa Mathilde, mhusika mkuu, bali wa mumewe. Nilipiga mstari chini ya dai hilo kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "Sivyo. Ni Mathilde." Mwisho wa jibu niliandika kwamba hilo si swali la msuko, ni swali la wahusika, na kwamba mtahiniwa hakulielewa swali. Nikampa alama 7.

Matokeo yalipotoka, alinisubiri nje ya ofisi. Hakuja kulalamika. Aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, ile barua umeisoma?" Nikamjibu kwamba hadithi ile nimeisoma tangu nikiwa shule ya upili na nimeisoma mara nyingi. Jibu hilo lilikuwa kweli na halikuwa jibu. Alinishukuru, akaenda zake. Mwaka uliofuata jina lake halikuwamo katika orodha ya wanaochukua fasihi. Aliyekuwa msajili wa kitivo aliniambia kwamba amehamia somo jingine. Sidai kwamba ni mimi niliyemhamisha, wala sina ushahidi kwamba si mimi.

Ninayaandika haya kwa sababu ilinichukua miaka mingi kuisoma barua aliyoniuliza, na nilipoisoma nilitambua kwamba aliyekuwa hakulielewa swali ni mtahini.

Kwa faida ya msomaji ambaye hadithi imemtoka akilini, nitaisimulia upya, tena kwa urefu kidogo, maana hoja yote imo katika mambo madogo madogo. "Mkufu" ilichapishwa gazetini mjini Paris mwaka 1884. Mathilde ni mwanamke mzuri wa sura aliyezaliwa katika ukoo wa makarani na, kwa kukosa mahari ambayo desturi ya huko ilimtaka bibi arusi aje nayo, akaolewa na karani wa Wizara ya Elimu, Bwana Loisel. Anaumia kila siku kwa kuona kwamba alistahili makuu. Anaye rafiki tajiri aliyesoma naye, Bibi Forestier, lakini ameacha kumtembelea kwa kuwa kila akirudi kutoka huko hulia. Siku moja mumewe analeta mwaliko wa karamu ya dansi katika makao ya waziri. Mke anataka gauni. Mume anatoa faranga 400 alizokuwa amejiwekea ili anunue bunduki ya kuwindia na rafiki zake. Kisha mke anataka pambo. Mume ndiye anayemkumbusha kwamba ana rafiki tajiri anayeweza kumwazima. Bibi Forestier anamfungulia sanduku la mapambo achague, naye anachagua mkufu wa almasi. Anapewa papo hapo, bila ya kusitasita.

Usiku wa karamu Mathilde anang'ara kuwapita wote. Wanaporudi nyumbani alfajiri, mkufu hauko shingoni. Mume anarudi kwa miguu njia yote waliyopita, akitafuta. Anakwenda polisi, anakwenda kwenye magazeti, anakwenda kwa wenye magari ya farasi ya kukodi. Hapana kitu. Hapo ndipo linapotokea tendo ambalo mimi, msomaji wa mara nyingi, nilikuwa nikiliruka kama mtu arukaye kidimbwi: mume anamwambia mkewe amwandikie rafiki yake kwamba kishikizo cha mkufu kimevunjika na kwamba wamekipeleka kutengenezwa, ili wapate nafasi ya kujigeuza. Mke anaandika jinsi mume anavyomsomea.

Hiyo ndiyo barua. Imo katika sentensi mbili au tatu tu. Baada yake mambo yote yanateremka kama jiwe lililosukumwa mlimani. Wanalichukua kasha la mkufu hadi kwa sonara ambaye jina lake limeandikwa ndani. Sonara anafungua vitabu vyake na kuwaambia kwamba mkufu huo hakuuuza yeye, yeye alitoa kasha tu. Wanazunguka kwa masonara wengine hadi wanaupata mkufu unaofanana, bei yake faranga 40,000, nao wanapunguziwa hadi 36,000. Mume anazo 18,000 alizorithi kwa baba yake. Nusu nyingine anaikopa huku na huku, kwa riba, akitia sahihi asiyojua kama ataweza kuitimiza. Mkufu unarudishwa. Bibi Forestier analalamika kwa ubaridi kwamba umecheleweshwa, na wala halifungui kasha. Miaka kumi ya ufukara inafuata: mtumishi anaachishwa kazi, nyumba inahamwa, mke anafua na kubeba maji na kugombana na wauza mboga, mume anafanya kazi ya hesabu jioni na kunakili kurasa usiku. Deni linapokwisha, Mathilde, aliyezeeka kabla ya wakati, anakutana na Bibi Forestier barabarani, naye bado kijana na mzuri. Anamweleza yote, kwa fahari. Ndipo anapoambiwa kwamba mkufu ule wa kwanza ulikuwa wa bandia, na thamani yake haikuzidi faranga 500.

Sasa turudi kwenye mwongozo wangu wa mwaka 2009. Kwa mujibu wa mwongozo ule, mgogoro unaanza mkufu unapopotea, na upeo uko katika sentensi ya mwisho. Hakuna mtahini ambaye angenilaumu. Lakini kupotea kwa mkufu si msuko, ni ajali. Vitu hupotea kila siku, na mara nyingi hakuna hadithi inayozaliwa. Ajali inageuka kuwa msuko pale mtu anapoijibu, na jibu lake likafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Katika "Mkufu" milango ilikuwa miwili. Wangekwenda kwa Bibi Forestier siku ile ile, wakamwambia, naye yamkini angecheka, akawaeleza kwamba ni kitu cha faranga 500, na hadithi ingekwisha kwa kilio kidogo na chai. Au wangeandika uongo. Yule mwanafunzi alikuwa ameweka kidole chake mahali panapogawanyika njia, akauliza ni nani aliyesimama hapo na ni kwa nini alielekea huku na si kule. Sijui swali gani linaweza kuwa la msuko zaidi ya hilo.

Ugomvi wa kujua kipi kitangulie, msuko au mhusika, ni wa kale. Aristotle, alipovitaja vijenzi sita vya tanzia, aliupa msuko nafasi ya kwanza na wahusika nafasi ya pili, na sisi tuliofunzwa kwa mihutasari tumeirithi orodha hiyo bila ya kurithi sababu zake. Mwaka ule ule wa 1884 uliotupa "Mkufu", Henry James aliandika insha yake mashuhuri juu ya sanaa ya kubuni, akapinga mtindo wa kutenganisha riwaya za matukio na riwaya za wahusika. Kwake tukio ni mhusika anayeonekana, na mhusika ni kile kinacholiamua tukio. Nimekuwa nikiifundisha hoja hiyo kila mwaka. Nilikuwa nikiifundisha hata mwaka 2009, wiki ya tatu ya muhula, kisha wiki ya kumi na nne nikasahihisha kana kwamba sikuwahi kuisikia. Katika Kiswahili chetu, neno "msuko" ambalo Wamitila na wengine wamelizoesha lina bahati njema kuliko "ploti" tuliyoikopa: anayesuka mkeka au nywele anajua kwamba ukiuchomoa ukili mmoja hubaki na nyuzi, si na mkeka wenye upungufu. Wahusika ndio ukili. Lakini tumelichukua neno tukaliacha fundisho lililomo ndani yake.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi. Nilipoandika "Sivyo. Ni Mathilde," sikuwa nimeifungua hadithi kuhakikisha. Nilijua. Nilijua kwa sababu Mathilde ndiye mhusika mkuu, ndiye mwenye tamaa, na msuko ni lazima utokane na mhusika mkuu mwenye kasoro. Yaani nadharia ilikuwa imenisomea hadithi, nami nikaandika jinsi ilivyonisomea. Tunapowafundisha wanafunzi kuwagawa wahusika kuwa wakuu, wadogo na wajenzi, tunawapa chombo cha kufaa, lakini tunawapa pia miwani ya giza. Kipimo cha ukuu huwa ni idadi ya kurasa: nani anatajwa sana, nani anafuatwa na msimulizi. Kumbe mkono unaougeuza msuko unaweza kuwa wa mtu ambaye msimulizi anampa mistari michache. Bwana Loisel anaitwa mhusika mdogo katika kila muhtasari nilioupata kuuona. Ndiye aliyeleta mwaliko. Ndiye aliyependekeza kuazima. Ndiye aliyeitunga barua. Ndiye aliyetia sahihi madeni. Kila hatua ya njia ile aliifungua yeye, kwa mapenzi, akidhani anamridhisha mke ambaye haridhiki. Na wasomaji wa zaidi ya karne moja tumemwona kuwa mtu mwema aliyeponzwa na mwanamke.

Sisemi kwamba Mathilde hana lake. Anaichukua kalamu. Mwanamke aliyeacha kumtembelea rafiki kwa sababu ya uchungu wa umaskini wake hangekuwa mwepesi wa kurudi mlangoni kwa rafiki huyo na kusema, nimekipoteza chako na sina cha kulipa. Aibu yake ilikuwa tayari imo ukurasa wa kwanza, ikingoja kazi ya kufanya. Uongo wa mume na aibu ya mke vinakutana juu ya karatasi moja, na hapo ndipo tunapowajua wote wawili. Kabla ya hapo tulikuwa tumepewa habari zao tu.

Nilisema ilinichukua miaka. Aliyenifumbua macho hakuwa mhakiki. Alikuwa mama yangu mzazi, mzaliwa wa Mombasa, ambaye hakupita darasa la saba na ambaye husimuliwa hadithi zangu za kazini kwa subira anayoitumia pia kwa wauza samaki. Ilikuwa likizo ya Desemba 2017. Nyumba ya jirani ilikuwa na arusi, na wanawake walikuwa wamezoea tangu zamani kuazimana dhahabu: huyu anampa yule kidani, yule anampa huyu bangili, na baada ya fungate kila kitu hurudi kwa mwenyewe. Nikaona hapa ni mahali pa "Mkufu". Nikamsimulia, nikaipamba, nikafika sentensi ya mwisho nikangoja ashtuke.

Hakushtuka. Alisema, "Huyo mwenye mali ndiye mbaya."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mtu akija kukuazima, mwanangu, humwambia. Hiki ni dhahabu, kichunge. Hiki ni cha kupakwa, hata kikikatika usijali. Yeye alinyamaza ili aonekane anazo." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na miaka kumi hakumwuliza mwenzake yuko wapi?"

Nilitaka kumweleza kuhusu Paris na matabaka, nikakuta sina la kusema. Usiku ule nilikitoa kitabu nikamsoma Bibi Forestier kwa mara ya kwanza, yeye naye, mtu ambaye nilikuwa nimezoea kumtumia kama ufunguo wa mwisho wa hadithi, si kama mtu. Kweli, anamwazima bila ya kusita. Wepesi ule, ambao usomaji wa kwanza unauona kuwa ukarimu, usomaji wa pili unauona kuwa dalili. Kweli, halifungui kasha likirudishwa. Ni nani asiyefungua kasha la almasi zake zilizocheleweshwa? Na yule sonara aliyesema kwamba alitoa kasha tu: kasha la duka lenye jina, na ndani yake mkufu wa kwingine. Maupassant alikuwa ametuambia mara tatu. Wako wahakiki wanaoidharau hadithi hii kwa kuwa ati ni mtego, kwamba mwandishi amewatoa wahusika mhanga kwa ajili ya mshtuko wa mwisho. Mimi naona mshtuko ule ni wa haki, kwa sababu kila kilichohitajika ili kuuepuka tulikuwa tumekiona. Tulikuwa tukitazama kama Mathilde alivyotazama. Aristotle alisifu utambuzi unaokuja pamoja na mgeuko wa hali. Hapa utambuzi unakuja baada ya miaka kumi ambayo haiwezi kugeuzwa tena, na msimulizi ananyamaza pale pale, anamwachia msomaji kazi ya kurudi nyuma.

Ni katika kurudi nyuma huko, nikimtafuta Bibi Forestier, ndipo nilipoikuta barua.

Sikuandika hadi hapa ili kuzungumzia Ufaransa tu. Darasani kwangu tatizo ni la hapa nyumbani. Wanafunzi wanaotujia kutoka shule za upili wamefunzwa kuwasoma wahusika kwa orodha. Mtahini huwataka waeleze sifa na umuhimu wa fulani, na vitabu vya mwongozo vimewapa majibu tayari: fulani ni mwenye bidii, ni mwenye mapenzi, ni msaliti, umuhimu wake ni kuonyesha uovu wa usaliti. Simlaumu mwalimu mwenye darasa la watu sitini na silabasi ya kumaliza. Lakini sifa ni nomino, na nomino haina wakati. Msuko ni wakati. Anayesema kwamba mhusika ni mwenye mapenzi na pia ni msaliti, akaziweka sifa hizo mbili moja chini ya nyingine kama bidhaa katika risiti, amekwisha kuipoteza hadithi, kwa sababu hadithi ilikuwa katika safari ya kutoka ile ya kwanza hadi ile ya pili.

Mfano ulio karibu ni "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, iliyomo katika *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda ambao ulitahiniwa shuleni kwa miaka kadhaa kabla ya *Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine* kuchukua nafasi yake. Dennis ni kijana wa familia ya kimaskini chuoni. Penina ni binti wa watu wenye nafasi anayempenda, akaishi naye baada ya masomo, kisha akamfukuza Dennis asipopata kazi. Nimesoma mamia ya insha zinazosema kwamba Penina ni msaliti. Basi, ni msaliti. Lakini je, alidanganya siku ile ya kwanza alipobisha mlango wa Dennis? Kama alidanganya, hadithi ni ya hila, na Dennis ni mjinga. Kama hakudanganya, kuna kitu kilichotokea katika miezi ile ya kungoja kazi, siku moja baada ya nyingine, ambacho hadithi inakigusia tu na ambacho msomaji analazimika kukijaza kwa anachokijua kuhusu kodi ya nyumba, kuhusu wazazi, kuhusu macho ya majirani. Anwani yenyewe inatusaidia kuliko mwongozo: kifaurongo ni mmea ambao majani yake hujikunja yakiguswa. Ni umaskini uliolifikia jani. Mmea haukusema uongo ulipokuwa umechanua. Tafsiri hii mwenzangu mmoja idarani haikubali hata kidogo. Yeye anashikilia kwamba jina limekwisha kumhukumu Penina kabla hajatokea, na tumekwisha kubishana juu ya jambo hilo kwa vikombe vingi vya chai. Ninachomwomba mwanafunzi si akubaliane nami. Ni aonyeshe mahali Penina alipogeuka.

Katika mkusanyiko huo huo imo "Tulipokutana Tena" ya Chokocho mwenyewe, na hapa hoja ya mkono mdogo unaougeuza msuko inajitokeza waziwazi. Kinachotendeka katika wakati wa hadithi ni kidogo mno: marafiki wa zamani wanakutana baada ya miaka, wanazungumza. Uzito wote uko nyuma, katika utoto wa Bogoa, aliyetolewa kwa wazazi wake akalelewe kwa Bi. Sinai na akapata mateso badala ya malezi. Mwanafunzi mwepesi atasema kwamba msuko ni wa mbinu rejeshi, atamtaja Bi. Sinai kuwa katili, atafunga kitabu. Nami humuuliza: ni nani aliyemtoa mtoto? Wazazi. Tunawasikia kwa nadra sana, na wao ndio waliosimama pale njia ilipogawanyika. Walidhani wanampa mwanao maisha. Ukatili wa Bi. Sinai unaeleweka upesi, hauhitaji digrii. Uamuzi wa wale wazazi ndio mgumu, na ndio unaomfanya mtu mzima Bogoa awe yule tunayekutana naye. Kwa kipimo cha kurasa, wazazi ni wadogo. Kwa kipimo cha msuko, wao ndio walioiandika barua.

Nitapita haraka juu ya istilahi za E. M. Forster za mwaka 1927, mhusika bapa na mhusika duara, ambazo katika insha za wanafunzi zimegeuka kuwa tusi na sifa. Forster alikuwa akizungumzia riwaya, utungo wenye nafasi ya kumzungusha mtu hadi tukamwona pande zote. Hadithi fupi haina nafasi hiyo na haiitaki. Humwonyesha mtu jinsi tunavyomwona abiria mwenzetu kwenye feri ya Likoni: dakika chache, upande mmoja wa uso, kisha mama mwenye mtoto mgongoni anapita na tunaona kama abiria huyo atampisha au hatampisha. Hatujui jina lake wala kazi yake, ila tumekwisha kumjua. Kumlaumu mwandishi wa hadithi fupi kwa kuwa hakutupa utoto wa mhusika ni kumlaumu nahodha kwa kuwa feri haikufika Zanzibar.

Upande mwingine wa kosa hilo unatokana na ngano zetu. Tuliolelewa na Sungura na Fisi tumezoea wahusika ambao tabia yao inatangulia kisa. Fisi ni mlafi. Hatuulizi ni lini alianza. Vladimir Propp alipozichunguza ngano za Kirusi katika kitabu chake cha mwaka 1928 alizihesabu kazi 31 za kisimulizi, akaonyesha kwamba mtendaji anaweza kubadilishwa na kazi ikabaki ile ile. Ni kweli kwa ngano. Anayeisoma hadithi fupi ya kisasa kwa macho hayo atamfanya Penina kuwa Fisi na Mathilde kuwa Fisi mwingine mwenye gauni. Jaribio langu kwa wanafunzi ni jepesi: mwondoe mhusika huyu, weka mwingine mwenye sifa tofauti, kisha uniambie ni katika sentensi gani hadithi inakwama. Katika ngano mara nyingi haikwami. Katika "Mkufu", ukimweka mama yangu mahali pa Bibi Forestier, inakwama kabla ya karamu.

Siku hizi hadithi hii naifundisha hivi. Tunaisoma kwa sauti hadi mume aliporudi asubuhi mikono mitupu, tunafunga vitabu, na kila mmoja anaandika barua. Sitaji ni nani anayeandika. Ninasema tu, mwandikieni Bibi Forestier. Karibu wote huandika kwa nafsi ya Mathilde. Wengi huungama, kwa kuwa wako mbele ya mwalimu. Wachache husema uongo, na uongo wao huwa bora kuliko wa Loisel. Muhula uliopita msichana mmoja aliniletea karatasi yenye salamu tu, "Rafiki yangu mpenzi," na chini yake hapana kitu. Nilimuuliza kama muda ulimwishia. Akasema hapana, Mathilde alikuwa amekataa kuandika na mumewe alikuwa bado anazungumza.

Karatasi za mitihani za mwaka 2009 zilikwisha kuteketezwa kwa utaratibu wa kawaida, na alama zikikwisha kupita baraza hazibadilishwi. Kilichobaki ni daftari langu la kumbukumbu, lenye jalada la kijani, ambamo nambari ya usajili ya yule mwanafunzi imeandikwa na kando yake 7. Sikuifuta. Nimeandika kando yake, kwa penseli, ukurasa wa kitabu ilipo barua.